Jina Ulilolitaja Mbele ya Mwalimu

Mume wangu Ambokile,

Usivimbe kichwa, bibi humwita mjukuu hivyo hata akiwa na miguu kama yako. Anayeandika ni mke mwenzangu, mkeo, hapa Xintang, Guangzhou, kwenye meza ileile uliyosomea. Nimemwonya asinipunguzie neno.

Asante. Nimeanza na hilo nisije nikafa katikati ya barua.

Unakumbuka siku ya kwanza ya masomo yako? Nilikuwa nakata nyuzi kwenye jinzi zako kabla hazijafungwa marobota kwenda Malabo. Wateja wako wa huko, waliokufundisha Kihispania kwa kubishana bei, walikuwa wanasali hapa bila mchungaji, wakakuomba wewe uwachunge. Mwalimu wao akakupa kitabu cha misingi ya imani, na sharti juu: kila somo umweleze kwanza mtu asiyesoma, mpaka aelewe. Ukaja kwangu moja kwa moja.

"Kwa hiyo Guangzhou nzima mjinga uliyemwona ni mimi?"

"Bibi, wewe mkali kuliko malaoban wote, hawa mabosi wa viwandani. Ukielewa wewe, wameelewa wote."

Ukaanza: kuhesabiwa haki, utakaso, sijui nini. Nikakutupia suruali. "Sema kama unayeniomba chumvi!" Ukarudia, jasho linakutoka, nikacheka mpaka mkasi ukanidondoka.

Lakini ulipofika kwenye neema, kwamba Mungu alitupenda kabla hatujamfanyia lolote, sikucheka. Hiyo niliielewa mno. Nikakuuliza, "Na Sekela wangu je?"

Hukuwahi kulisikia jina hilo. Kifungua mimba wangu, aliishi siku tisa. Alikufa hajabatizwa, wakamzika nje ya uzio wa makaburi ya kanisa, na mzee wa kanisa akaniambia nisiulize. Baba yako alipozaliwa wakaniita Mama Yohana, kana kwamba kabla yake hakukuwa na mtu.

Ukapekua kitabu mbele, ukapekua nyuma. Ukakifunga. "Alikuwa anafananaje?"

Nywele tele, nikakwambia, na akilala anakunja ngumi kama mgomvi. Ambokile, tangu nimzike, hakuna aliyewahi kuniuliza.

Siku ya mtihani nilikaa nyuma kabisa, kwenye kile chumba cha sala juu ya duka la zipu. Kihispania chote kilinipita. Mwalimu akauliza jambo, ukageuka kunitazama mimi huku nyuma. Nikasema basi, ameshindwa, na aliyemvuruga ni mimi na swali langu. Mara, katikati ya maneno nisiyoyajua, nikasikia: Sekela.

Ulinieleza baadaye. Alikuuliza utamwambia nini mama aliyefiwa na mtoto asiyebatizwa. Ukajibu utamwuliza kwanza jina la mtoto, kama ulivyolijua la shangazi yako, Sekela. Na kwamba Mungu aliyetupenda kabla hatujamwomba hakungoja maji ndipo ampende Sekela. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akakupitisha.

Sasa wewe ni mchungaji Malabo. Mkeo na mtoto watakufuata kontena la jinzi likiondoka, mimi narudi kwetu Tukuyu. Sitawaomba wa kanisani wausogeze uzio. Nitaweka msalaba pale alipo, wenye jina lake. Nawe mama aliyefiwa hivyo akikujia, funga kitabu kwanza.

Kula vizuri, mume wangu. Jina hapo chini nimeliandika mwenyewe. Mkeo amenishika mkono mara mbili tu.

Bibi yako,
MAMA SEKELA