Leocadia kwenye Kiti cha Mama

Salto, Uruguay
14 Agosti 1912

Mpendwa Kaka Eleuterio,

Pokea salamu zangu nyingi. Kifua chako kimepona? Baridi ya Buenos Aires usiichezee. Vaa ile fulana ya sufu niliyokufumia. Sisi wazima, ila goti la Baba halijatulia.

Kaka, nina donge rohoni. Mwezi wa tano Baba alimleta mchoraji amchore mdogo wetu Leocadia kwa rangi za mafuta, ameketi kwenye kiti cha marehemu Mama. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyemuuguza Mama kitini hapo! Baba akasema, "Wewe, mwanangu, huna muda wa kukaa." Kweli, sikuwa nao. Nilikuwa jikoni nikimpikia mchoraji.

Picha ilitoka nzuri hata nikaichukia. Majirani wakamiminika sebuleni kuitazama. Akaja pia Anselmo Píriz, yule mwenye duka la dawa, aliyekuwa akija kila Jumapili kwa ajili yangu. Tangu hapo nikimpa kibuyu cha chai ya yerba anafyonza tu mrija, macho yameganda ukutani kwenye picha.

Mwezi uliopita akaja kumposa Leocadia. Sikulia. Leocadia ndiye aliyecheka, mbele ya Baba.

"Mimi, Bwana Anselmo? Tangu lini? Hata salamu yangu huitikii, unaisalimu picha! Yule ametulia, ana shingo ndefu. Mimi shingo yangu ndiyo hii, na kutulia siwezi. Mchukue yule!"

Akaishusha picha ukutani, akamkabidhi. Na mtu yule, Kaka, akaichukua! Akatoka ameikumbatia.

Baadaye nilimkuta Leocadia analia. "Unadhani wewe peke yako una wivu?" akaniambia. "Tangu picha ije, nani ananitazama mimi?" Nilimbembeleza, lakini kwa moyo nusu, usinilaumu.

Jumapili iliyopita Anselmo alirudi, kofia mkononi, eti sasa ananitaka mimi.

"Picha umeitundika wapi?" nikamuuliza.

"Chumbani kwangu."

Nikamfungulia mlango atoke. Sikutoka jikoni hadi jioni, maana nilimpenda, na bado nampenda. Nikipita dukani kwake nainua macho kwenye dirisha la juu, la chumba chake. Leocadia nimemsamehe. Yule wa pichani siwezi: ameketi tu, hapiki, hazeeki, naye ndiye anayetazamwa.

Nisalimie wifi yangu Petrona na mtoto. Baba anawaombea heri, na Bikira awafunike.

Dada yako anayekukumbuka kila siku,
Etelvina