Deki, Neno la Daftari la Baba

Manzese, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na tumsifu Yesu Kristo. Ulitukataza tangu darasa la nne kuandika "hofu na mashaka ni kwako", ukasema mwenye hofu aitaje hofu yenyewe. Basi naitaja. Nahofia kifua chako na baridi ya huko, nahofia goti la mama, na nahofia barua hii. Mimi mwenyewe ni mzima, nakula, nalala, na joto la huku nimelizoea kama mtu anavyomzoea jirani mwenye kelele.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Baba, simu yako unaiweka spika, na kabla sijamaliza salamu mama anachangia, jirani anachangia, hata mpita njia ananiuliza nitakuja lini. Nina jambo ambalo nataka ulisome peke yako, umevaa miwani yako. Ukimaliza, mama umsomee wewe. Barua nitampa mama mmoja wa jumuiya yetu anayesafiri kesho kuja Songea, ameahidi kukukabidhi mkononi.

Kwanza nina zawadi. Lile daftari lako kubwa la maneno ya Kiingereza, kurasa za herufi D bado zina nafasi? Nimekupatia neno fupi, herufi nne tu, "deck". Nadhani huna, maana nakumbuka ulivyokuwa ukituambia kila neno tuliulize kwao ni wapi, na hili hatukuwahi kuliuliza.

Nimelipata kwa Mzee Kihwele. Huyu ni mfasiri katika ofisi ninayofanya kazi hapa Kinondoni, ofisi ya kutafsiri nyaraka. Ni Mhehe wa Iringa, kwa hiyo ni mtani wetu sisi Wangoni, na kila asubuhi ananiuliza kama leo sitatoroka, maana mateka wa Kingoni wana tabia ya kutoroka. Mimi humjibu kwamba babu zake walikimbia mbio hata viatu wakaviacha, na sisi tunavivaa mpaka leo. Siku moja akaniuliza kama najua tumelitoa wapi neno deki. Nikasema ni letu, tumezaliwa nalo. Akacheka, akafungua kamusi yake nene, akanisomea.

Kumbe Waingereza walilipokea kwa mabaharia wa Kiholanzi. Huko kwao lilikuwa na maana ya kifuniko, kitu cha kuezekea, na lina undugu na neno la Kiingereza la nyasi za kuezeka nyumba. Kwenye merikebu lilianza kama turubai la kufunika, kisha zikaja mbao za kufunika tumbo la chombo, na kwa kuwa watu walizikanyaga mbao hizo, kilichokuwa paa kikageuka sakafu. Baada ya hapo neno likazaa watoto hovyo. Pakiti ya karata inaitwa hivyo, kwa sababu karata hulaliana kama sakafu za meli. Mashine ya kaseti, kama ile yako iliyomeza kanda ya kwaya, nayo ni deck. Pale magari yanapopita juu ya daraja, vilevile. Ukimpamba mtu kwa mavazi na maua umem-deck, maana mapambo nayo hufunika, na ukimpiga ngumi akalala chini, pia umem-deck. Nilimuuliza Mzee inawezekanaje, akasema Waingereza ni watu wa kubana matumizi.

Kwetu sisi, yeye anaona lilishuka bandarini. Mabaharia walikuwa wakisugua meli kila asubuhi, vijana wetu wakapewa kazi hiyo, wakarudi nayo mitaani, mpaka leo tunapiga deki nyumba ambazo hazijawahi kuiona bahari. Hili la mwisho kamusi haikulisema, ni maelezo yake, mwenyewe alinitahadharisha. Kwa hiyo kwenye daftari uliandike kwa penseli.

Sasa, Baba, utaniuliza kwa nini Mzee alinichagulia neno hilo na si jingine. Ni kwa sababu nilikuwa naipiga hiyo deki. Nilikuwa nimeinama mbele ya mlango wake na ndoo yangu. Mimi ndiye mpiga deki wa ofisi ile, na sijawahi kuwa kitu kingine pale.

Miaka minne iliyopita nilipokuambia nimepata kazi ofisini sikukudanganya, ila nilikuacha ujidanganye. Uliniuliza kama nina meza. Nikasema meza zipo nyingi. Ni kweli zipo, kumi na moja, na zote nazifuta vumbi. Nikakusikia ukimwambia mama, "Stazia ni karani," nami nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu sauti yako ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipofeli kidato cha sita. Nilijiambia nitasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa na wiki ijayo yake.

Usidhani naionea kazi haya. Ninaijua. Ninaanzia kona ya mbali na mlango, narudi kinyumenyume, ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, maji nabadilisha kabla hayajawa meusi. Kuna dada mwenzangu anayeanzia mlangoni, na anapomaliza anakanyaga alipopiga, halafu analaumu viatu vya wageni. Wafasiri hawaingii mpaka pakauke, hata bosi husubiri nje ameshika mkoba wake. Kazi ni safi. Kilichochafuka ni ulimi wangu, na hapo ndipo nakuomba radhi.

Shangazi Filomena hana kosa, usije ukamgombeza. Mwezi uliopita alipokuja Kipawa kumwona mjukuu, alinijia ofisini bila taarifa, na unga wenu na maharage kichwani. Nilikuwa kwenye korido. Nikasikia sauti yake mapokezi ikiniulizia, nikajibanza kwenye chumba cha ndoo. Mzee Kihwele akatoka. Alisikia lafudhi ya kwetu, akafurahi kama aliyeokota embe, akamuuliza anamtafuta nani. Shangazi akasema anamtafuta karani Anastazia.

"Mngoni wenu yupo," Mzee akamwambia. "Tulimteka. Kazi yake hapa ni kupiga deki, na leo hata korido bado hajamaliza."

Baba, huo ulikuwa ukweli mtupu, haujaongezwa wala kupunguzwa. Lakini umetoka kinywani mwa Mhehe, na Shangazi anamjua mtani. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akamjibu kwamba Wahehe hawajui shukrani, mtoto wa Kingoni ndiye anayewalisha pale. Nikiwa nimebanwa na mifagio, nilielewa kuwa sasa uongo wangu umepigwa muhuri. Ningetoka na ndoo mkononi angejua. Nilivua koti la kazi, nikafuta mikono, nikatoka mikono mitupu.

Mzee aliponiona nilivyobadilika alifahamu. Alinipisha kwenye kiti chake, akaenda mwenyewe kutuletea chai. Naye alidhani ananifaa. Ndiyo maana Shangazi amewaambia kwamba nina meza yenye kamusi na mzee wa Kihehe wa kunitengea chai.

Alipoondoka, Mzee hakutania. Aliniuliza kwa upole, "Kwa hiyo nyumbani hawajui?"

Nikatikisa kichwa.

"Mie ningejua nisingesema vile. Lakini mwanangu, mtani akisema kweli watu wakacheka, mwenye kweli ndiye anatakiwa airudie bila kucheka."

Nilimwitikia, na bado sikuirudia. Jumapili iliyofuata ukanipigia kunieleza kwamba, kwa kuwa nimekuwa mkubwa ofisini, mdogo wangu Tumaini ataacha chuo cha cherehani mwisho wa mwezi huu apande basi aje nimwingize kazini. Ulisema ufundi wa nguo ni wa waliokosa. Unajua nilijibu nini? Nilijibu, "Sawa, Baba." Nimejichukia kwa maneno hayo kuliko kwa miaka minne yote.

Jioni ile mdogo wangu alinipigia kwa simu ya mwenzake wa bweni. Alikuwa ananong'ona. "Dada, mie napenda cherehani. Mwalimu amenipa gauni la bibi harusi nilikate mwenyewe, peke yangu. Lakini nani atamwambia baba?"

Nikamwambia nitakuambia mimi. Ndiyo haya nakuambia.

Hakuna nafasi ofisini, Baba. Nafasi iliyopo ni yangu, na ni ya ndoo mbili. Tumaini amebakiza mwaka mmoja apate cheti chake. Akija huku atanikuta chumba kimoja, tutalala kitanda kimoja, na kila asubuhi atazunguka kugonga milango ya watu na cheti cha kidato cha nne, kama nilivyogonga mimi. Mimi niligonga kwa sababu sikuwa na ufundi mkononi. Yeye anao, na anaupenda. Usimwondoe kwenye kitu anachokipenda kwa sababu ya kiti ambacho mimi sijawahi kukikalia, isipokuwa ile asubuhi moja.

Najua utaumia. Najua umesema mbele ya walimu wenzako wastaafu, na kanisani pia. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mwaka mzima, nitapokea. Ukiona ni vizuri zaidi kuwaacha watu waendelee kuniita karani, sitabishana nawe mbele yao. Lakini mtoto asipande basi. Na kama utampandisha, nitakwenda kumpokea stendi nikiwa na koti langu la kazi, ili asipoteze hata dakika moja akimtafuta karani kati ya watu.

Nisalimie mama, umwambie dawa ya goti nimempata anayeiuza halisi, nitaituma. Msalimie bibi anayenisahau jina lakini hasahau kuniombea. Shangazi Filomena mpe salamu za pekee, na umwambie kwamba yule Mhehe hakuwa anatania, mimi ndiye niliyejificha. Msalimie katekista jirani yetu na kaka mkubwa aliye shambani. Na Tumaini mwambie gauni la bibi harusi alikate polepole, apime mara mbili.

Ni mimi binti yako ninayekupenda,

Anastazia,
mpiga deki.