Nilimwambia Mkwe Maji ya Mombasa ni Matamu

Kaagya, Bukoba
9 Juni 1970

Mpendwa mshauri Ma Kokugonza, naomba msaada, ingawa mtu wa cheo changu kwa kawaida huombwa msaada, haombi, maana mimi ndimi balozi wa nyumba kumi hapa Kaagya na kwa kweli zinazonisikiliza ni nyumba thelathini, na mkutano wa kijiji usipomwona Ildefons Byabato hauanzi, watu hukaa tu wakitazamana, na hata bwana shamba akija kukagua mibuni hupita kwangu kwanza aniulize mvua itanyesha lini. Sisemi haya kwa kujisifu, ni ili ujue unayemjibu ni nani.

Sasa shida yenyewe. Mujuni ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea tangu hajaota meno, ananiita tatento, yaani baba mdogo, lakini baba mwingine hana. Leo ni mwalimu, na amepata mchumba, Alistidia, muuguzi, binti wa Mzee Rweyemamu wa Rubya kule Muleba, na mshenga ni mimi, nani mwingine angekuwa, nikavaa koti nikaenda, tukapokewa vizuri, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo ya kutosha, na mzee mwenyewe akatuletea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, kwa mikono yake miwili, tukatafuna, tukaelewana, hata mwezi wa harusi tukautaja, wa kumi na mbili. Ningenyamaza hapo ningerudi kwangu salama.

Lakini ukutani palikuwa na picha ya mzee huyo akiwa kijana, amevaa kaptula nyeupe, ameshika fimbo ya gofu. Alikuwa karani wa serikali Entebe miaka mingi, na Wazungu walimfundisha mchezo ule. Nikaitazama picha nikatikisa kichwa kama mtu aliyekumbuka mambo.

Akaniuliza, "Unaujua mchezo huu, mkwe?"

Nikasema, "Kuujua? Nimeucheza Entebe hiyo hiyo, na Gavana. Akishindwa alikuwa hasemi na mtu mpaka jioni."

"Kumbe. Ulikuwa unatumia fimbo ngapi?"

"Moja. Nyingi za nini?"

Akacheka kidogo. Ma Kokugonza, hapo mtu mwenye akili angeinuka akaaga, lakini rubisi ilikuwa tamu na wazee wote walikuwa wananisikiliza. Akasema ana rafiki yake wa zamani Mombasa, waliyefanya kazi pamoja, na kila barua humwita aende wakacheze gofu karibu na bahari, naye tangu afiwe na mkewe hajapata mtu wa kusafiri naye. Akaniuliza kama pwani nimefika.

Nikasema, "Mombasa? Mombasa nimeoga mpaka nikachoka."

"Bahari uliionaje?"

"Kubwa kuliko ziwa letu, lakini si sana. Na maji yake ni matamu. Nilikuwa nikisikia kiu nainama hapo hapo nakunywa."

Mzee akatazama kibuyu chake, akaondoa unyasi uliokuwa unaelea, akasema, "Maji ya Mombasa ni matamu."

"Matamu, mkwe."

"Basi mwezi wa nane twende wote, wewe na mimi, tufahamiane kabla ya harusi. Na kwa kuwa wewe ni mwenyeji kule, safari uipange wewe. Njia tutakayopita, siku ngapi, tutazame nini. Mimi nitafuata."

Sasa nikuambie wewe peke yako, na najua utalichapa gazetini, lakini andika kijijini kwangu ni kwingine. Mombasa sijafika. Kenya yenyewe sijaikanyaga. Entebe nilifika kweli, miaka miwili na nusu, nilikuwa nakata nyasi za uwanja wa gofu, na Gavana nilimwona mgongo. Mpira niliupiga mara moja tu, Wazungu walipokwenda kunywa chai, ukaingia ziwani nami nikakimbia.

Tangu siku ile nafanya mazoezi kibanjani kwangu, katikati ya migomba, kwa bakora ya marehemu baba na nyanya chungu. Juzi niliikosa nyanya nikaipiga nguzo iliyoegemeza mgomba, mgomba ukaanguka na mkungu ambao haujakomaa. Mke wangu Celina akatoka jikoni, akautazama mkungu, akanitazama mimi, akasema, "Baba Datius, huyo Gavana alikuwa anacheza na wewe au alikuwa anakukimbia?"

Nikamwambia aende akapike.

"Nitapika nini, na ndizi umezipiga wewe?"

Nisingejali kicheko, nimezoea, watu wakubwa huchekwa. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba Alistidia alimwambia Mujuni kuwa dada yake mkubwa alikuwa na mchumba, na baba yao aliuvunja uchumba ule kwa sababu mshenga alidanganya habari za shamba. Shamba tu. Mimi nimedanganya habari za Gavana na bahari. Mujuni amekuja Jumapili, amekaa mlangoni, ameniuliza tu, "Tatento, Mombasa unaijua, sivyo?" nami nikamjibu, "Kama kibanja changu," akaondoka anapiga mluzi.

Ma Kokugonza, nipe njia ya kufika huko, nitajie vitu vya kutazama, nieleze fimbo inashikwaje na mtu asimame vipi. Tena katibu wa tawi letu la TANU asije akasikia gofu akasema balozi amegeuka bepari. Na ikiwa hayo ni mengi, basi nitajie ugonjwa ambao mtu anaweza kuuugua mwezi wote wa nane bila kufa.

Ni mimi,
I. Byabato, Balozi

*

MSHAURI ANAJIBU

Ta Byabato, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilikuona umekaa, yule kijana akienda zake anapiga mluzi, nikaacha kucheka. Umemlea vizuri, maana anakuamini. Ndiyo sababu nitakugombeza.

Kwanza nikueleze jambo ambalo kila aliyewahi kufika pwani analijua, na wewe hukulijua. Maji ya bahari ni ya chumvi. Hayanyweki. Ukimeza funda moja utatapika ulichokula asubuhi. Najua sisi wa huku chumvi tumezoea kuambiwa inatoka Katwe kule Uganda, na maji mengi tuliyoyaona ni ya ziwa hili tunalochota na kupikia, kwa hiyo kosa lenyewe si la aibu. Aibu ni kwamba ulisema ulikunywa.

Sasa fikiri polepole. Mzee Rweyemamu alikuwa karani wa serikali, ana rafiki Mombasa aliyefanya naye kazi, anacheza gofu. Mtu huyo unadhani hajui maji ya bahari yalivyo? Alikujua siku ile ile, kabla hujamaliza kibuyu. Fimbo moja pia aliielewa, maana wachezaji hubeba mfuko mzima. Angetaka kuuvunja uchumba angeuvunja hapo hapo mbele ya wazee. Hakuuvunja. Alikwambia, safari uipange wewe. Amekupa kazi ambayo huwezi kuifanya bila kwenda kwake kumwambia hujui. Amekuachia mlango wazi, na wewe uko nje unapiga nyanya chungu.

Nakuonea huruma, kwa sababu naelewa ulivyofika hapo. Mtu aliyekata nyasi miaka miwili na nusu huku wenzake wakicheza, akirudi nyumbani hataki kusema alikata nyasi. Wengi wetu tulirudi kutoka Uganda na hadithi kubwa kuliko mizigo yetu. Lakini hadithi za kwenye pombe zibaki kwenye pombe. Pale hukuwa Byabato anayechekesha watu, ulikuwa mshenga. Ulitafuna kahawa ya mwenye nyumba kutoka mikononi mwake. Kwetu kahawa hiyo watu waliitafuna walipotaka kuwa ndugu, nawe ukiwa bado unayo mdomoni ukamdanganya. Ulichosema siku ile si neno lako, ni neno la Mujuni. Yeye ndiye atakayelilipia, si wewe.

Ugonjwa sikutajii. Utakwenda Rubya wiki hii, mwenyewe. Usimtume Mujuni, usiandike barua, na usimchukue mtu wa kukusaidia kuongea, unaongea vya kutosha. Beba kahawa ya kutafuna ya nyumbani kwako, umpe kwa mikono miwili kama alivyokupa. Akishaipokea, mwambie, "Mkwe, gofu nilikata nyasi zake, na bahari sijaiona." Halafu nyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo litakuwa gumu kwako, lifanyie mazoezi badala ya bakora. Ukitoka kwake, mwambie Mujuni maneno hayo hayo siku hiyo hiyo, kabla hajayasikia kwa mchumba wake.

Kuhusu safari, kwa kuwa naamini mtakwenda. Pandeni meli Bukoba mshukie Kisumu, kisha treni mpaka Nairobi, mbadilishe treni ya Mombasa. Karatasi za safari na kadi ya chanjo ya ndui ulizeni mapema ofisi ya wilaya, msingoje wiki ya mwisho. Shilingi zetu na zao si moja tena, badilisheni benki, si kwa watu wa gatini. Mombasa mtazame ile ngome ya Wareno, mtembee mji wa kale asubuhi kabla ya jua kali, mvuke kwa pantoni kwenda Likoni, na mkipata siku mbili za ziada mpande basi hadi Malindi. Watu wa huko Kiswahili wamezaliwa nacho na wanakwenda nacho mbio, usijifanye unajua kila neno, uliza. Watakupa wali wa nazi na samaki. Ndizi za kupika kama zetu hutaziona kila mlo, usinune mezani kwa watu.

Katibu wa tawi mwambie ukweli, kwamba unamsindikiza mkwe mzee. Hilo halina ubepari.

Na fimbo ya gofu usiishike kabisa. Beba mfuko wa mzee.

*

Kaagya
2 Septemba 1970

Ma Kokugonza, hii si ya kuomba msaada, ni taarifa, maana najua wasomaji wako hawalali wakingoja kusikia Byabato alifikia wapi. Tumerudi. Mombasa sasa wananijua kuanzia stesheni mpaka pantoni, na nahodha wa meli aliniomba niketi karibu naye ziwa lilipochafuka, au niseme alinikuta nimeketi karibu naye.

Rubya nilikwenda, nikampa mzee kahawa, nikasema yale maneno mawili, nikanyamaza. Alitafuna mpaka akamaliza, akatema maganda, akasema, "Nilianza kuogopa hutakuja. Mwezi wa saba huu." Akaniuliza nyasi za Entebe tulikuwa tunazikata kwa urefu gani, tukaongea habari za nyasi mpaka jua likazama, na mtu hajawahi kuniuliza jambo hilo tangu nirudi kutoka Uganda. Mujuni nilipomwambia hakucheka, alishika kichwa kwanza, halafu ndipo akacheka. Harusi iko pale pale, mwezi wa kumi na mbili.

Mfuko wa mzee nilibeba kama ulivyosema. Siku ya pili alikuwa anacheza na rafiki yake, mpira uko hatua nne kutoka kwenye shimo, akasimama anauelekeza katikati, nikamwambia taratibu, "Mkwe, nyasi hizi zimelalia kushoto, upige kulia kidogo." Akapiga kulia. Ukaingia. Yule rafiki yake akamuuliza, "Huyu bwana umempata wapi?" Mzee akasema, "Ni mkwe wangu. Ametoka kwenye uwanja wa Gavana." Ma Kokugonza, hayo alisema yeye, sikusema mimi, na sikuona sababu ya kumsahihisha mzee mbele ya watu.

Limebaki moja, dogo, na Celina amesema nisipoliandika mimi ataliandika yeye. Ulikuwa umekwisha kuniambia maji yale ni ya chumvi, na mzee naye aliniambia ndani ya treni. Lakini tulipofika ufukweni akawa anavua viatu, nikasogea pembeni, nikainama, nikachota kiganja kimoja, nikanywa. Nikatema. Nikatembea hatua kama hamsini, mahali yalipoonekana safi zaidi, nikanywa tena. Nilipogeuka mzee alikuwa nyuma yangu, viatu mkononi, amenyoosha kiganja chenye punje mbili za kahawa, nikazichukua kwa mikono miwili, nikatafuna.