Zima, Usiilaze

Dada, ule mlio uliokukera usingizini alfajiri ni kompyuta iliyokuwa ikinifokea kwa makosa yako.

Diski ya kompyuta yetu niliigawa sehemu tatu: mfumo wako wa kuiendesha, mfumo wangu, na sehemu ya pamoja ya mafaili. Jana uliilaza kompyuta badala ya kuizima, basi mfumo wako umeing'ang'ania sehemu ya pamoja na mimi nimefungiwa nje. Humo ndimo lilimo shairi la kumuaga mama kazini, na anaagwa leo jioni. Neno lako la siri silijui. Kukuamsha mama alinikataza, eti mhasibu wetu amechoka. Amechoshwa na nini, kubonyeza kitufe kimoja?

Washa, ingia kwako, kisha bonyeza Zima. Zima ni pale taa inapozimika kabisa, mtaalamu.

~~Halafu nichapie shairi.~~ Usilifungue. Utaanza kunisahihishia vina, nawe hata barua ya likizo uliandikiwa.

Mama ameniuliza mlangoni kama shairi lipo. Nimemjibu kwa sauti, wewe ukikoroma: "Lipo, mama. Nitalisoma mbele ya wakubwa wako wote, na dada ndiye atakayenishikia maikrofoni."

Mdogo wako