Hakuna Anayeiona Pilau Yetu

Jumatatu, 6 Oktoba

Chapati za kwanza zimetoka. Nakato, mwenzangu wa jikoni, amepiga video kama kawaida: mvuke, mkono wangu ukipindua, mfuniko wa pilau ukiinuliwa. Ameiweka mtandaoni kabla sijafuta unga mikononi. Mpaka saa nane, walioitazama wangeenea kwenye benchi moja.

Mwezi wa nane video ya maharage ya nazi ilileta watu mpaka tukaazima viti kanisani. Maharage tu. Leo ni pilau, tena ya nyama, na nusu sufuria imebaki.

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Jumanne, 7 Oktoba

Mwenye nyumba amepita. Mpole, ananiita mama kwa Kiganda, nnyabo hapa, nnyabo pale. Mji umejaa mabango ya wagombea, na sasa kuna watu wa mgombea mmoja wanaokitaka chumba chetu kiwe ofisi yao ya kampeni. Anataka jibu mwisho wa mwezi. Tunabaki au tunatoka?

Kubaki kunahitaji walaji. Na walaji hawatuoni. Jiko letu liko nyuma ya soko la Kamwokya, hapa Kampala: upite wauza ndizi, ukate uchochoro wa saluni, uiname chini ya kamba za nguo. Hakuna anayefika huko kwa bahati. Ule ukurasa ndio kibao chetu. Ukizimika, ni kama hatupo.

Nikitoka hapa najua ninakoenda. Kakamega, kwetu Kenya, kwa kaka yangu, nikapike uji wa shule huku mke wake akinihesabia kuni. Sitaki. Nakato naye atarudi kuuza vitenge juani. Hataki.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Watu wote wako nyumbani na njaa zao. Nimepika kama wa arusi. Wamekuja Afande Okello, polisi wetu wa kila wiki, na mke wake, na fundi wa simu Opiyo ambaye angekuja hata tungekuwa tumefunga.

Tumekula wali sisi wenyewe mpaka nimeuchukia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tumegombana kidogo. Nakato anasema tatizo ni saa tunayoposti. Nikamwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama chakula ni kizuri mtandao utajua. Akaniuliza mtandao una mdomo?

Nikarudi kwenye unga wangu.

Kazi tumegawana tangu mwanzo. Mimi napika, yeye anapiga video na kuandika maneno ya chini. Mzaliwa wa Mengo, Kiswahili amekiokota kwa Wakongo aliokuwa akiwauzia vitenge, na anakiandika bila woga. Mwishoni mwa mwezi wa nane aliandika "Kalibuni, chakula moto, halaka halaka." Nilicheka mpaka nikaketi. Nikamwambia, dada, wewe na hiyo l yako, tia r, Wakenya watatusema. Alinuna siku nzima. Tangu hapo anaandika "karibuni" safi kabisa. Sina cheti lakini mimi ni mwalimu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Opiyo ametushauri huku akitafuna. Eti mtandao unapenda vurugu. Posti mara nyingi, weka wimbo unaovuma, cheza. Nimecheza na mwiko. Mimi, mzee wa kanisa. Tumeposti tangu asubuhi mpaka betri ikafa.

Maoni mawili tu. Moja linasema, "Mama mmezidi." La pili linaniuliza kama goti linaniuma.

Linauma.

Jumanne, 14 Oktoba

Tumefanya ujinga. Opiyo anamjua mtu anayeuza wafuasi. Tukanunua. Asubuhi tumeamka na umati, majina siwezi hata kuyatamka, sura zote nzuri mno. Hakuna hata mmoja anayekula ugali. Video ya leo imeonwa na watu wachache kuliko jana. Opiyo amekula akaondoka bila kuomba nyongeza, na kwa Opiyo hiyo ni ajabu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Jambo geni. Wanaume watatu wameingia saa sita, wameketi, wamesubiri. Nikadhani Mungu amejibu. Nikawauliza wale nini. Mmoja akauliza fulana zinagawiwa saa ngapi. Fulana gani? Mwenzake akataka kujua kama sukari ipo pia, na kama mgombea atakuja mwenyewe au atatuma mtu. Kisha wakaomba pilau ya bure.

Nimewatoa na mwiko mkononi. Yule mzee zaidi ameumia kweli. "Nnyabo," akasema, "sisi mlituita wenyewe."

Nakato anasema ni pombe. Hawakunuka pombe.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mwenye saluni amenivuta pembeni akaninong'oneza: tuko upande gani? Upande wa nini? Akakonyeza, akasema ameelewa, hatasema. Hatasema nini?

Mbaya zaidi, wauguzi wa hospitali ya Mulago. Walikuwa wakiagiza pamoja kila Jumamosi, boda moja, sahani tele. Leo kimya. Nimempigia mkubwa wao, Sista Grace. Amenijibu kwa upole kwamba wao hawataki siasa kwenye chakula cha mchana.

Siasa. Mimi ambaye hata kadi ya kupigia kura sina nchi hii. Nimelia, na hakukuwa na vitunguu.

Jumanne, 21 Oktoba

Sijui niandike nikicheka au nijipige kofi. Nitacheka kwanza.

Afande Okello amekuja na sare. Kila Jumanne huagiza samaki kabla hajaketi. Leo hakuagiza. Amesimama mlangoni na kofia yake akasema, "Mama Neema, mimi nakuja kama rafiki. Mkutano ya hapa ni ya chama gani? Barua ya ruhusa iko?"

Nikamwambia hapa hakuna mkutano, kuna samaki. Akatoa simu, akafungua ukurasa wetu, akasoma kwa sauti ya kituoni: "Karibuni kura. Kura kwetu Kamwokya, kira siku kuanzia saa sita. Kura mapema. Njoo na rafiki, usirare njaa."

Nimeinyakua simu mkononi mwa polisi. Nimesoma. Nimeteremsha chini, nimesoma tena. Kura. Kura. Kura kwa raha. Wari na nyama. Tangu mwezi wa tisa hakuna l hata moja ukurasa mzima. Na mimi nilikuwa nayaona maneno haya kila asubuhi na macho yangu yananisomea "kula", kwa sababu kichwani mwangu hakuna kitu kingine.

Nikamweleza Afande. Amecheka mpaka ameegemea ukuta na kofia ikaangukia kwenye unga. "Kumbe mimi nakula kura mwezi mzima na hakuna mtu ananikamata!"

Nakato hakucheka. Alikuwa ameshika kisu na nyanya. Akasema polepole, "Na wewe ulisema nitie r."

Nilisema. Akatia. Hakubakiza.

Jumatano, 22 Oktoba

Opiyo amejirudi. Ametuonyesha sehemu iliyofichwa ndani ya mipangilio ambayo sote hatukuwahi kuifungua, inayoeleza hali ya ukurasa. Maandishi yenyewe makavu: machapisho yenu yanaonekana kuhusu uchaguzi, kwa hiyo hayapelekwi kwa watu wasiowafuata. Basi. Mashine imesoma neno, haikuiona pilau. Na wale wanaotufuata wakaona kampeni wakakimbia. Kikulacho ki nguoni mwako. Ningemwomba Nakato aiandike methali hiyo lakini naogopa atakavyoiandika.

Tumeshinda tukisahihisha. Chapisho moja baada ya jingine, mimi nasoma, Opiyo anabonyeza. Wafuasi wa kununua tumewatoa, wale warembo wote. Tumetuma ombi ukurasa uangaliwe upya. Opiyo anasema kuanzia sasa ni chapisho moja kwa siku, kabla ya saa sita, watu wakiwa wanaanza kusikia njaa, na kila anayeandika ajibiwe. Akaonya: lile neno tusiliandike hata kwa mzaha.

Nakato hajaandika neno. Ameniwekea simu mezani, akasema niandike mwenyewe, mimi ninayejua.

Ijumaa, 24 Oktoba

Ombi limekubaliwa. Ukurasa uko huru. Nimepiga kigelegele peke yangu.

Nimeandika mwenyewe siku mbili. "Chakula kipo." Leo nikaongeza chumvi: "Chakula kipo na leo." Sahihi, kila herufi mahali pake. Hakuna aliyejibu. Nakato angeandika sentensi yenye makosa manne na mtu angerukia boda kutoka Ntinda.

Mwenye nyumba amewaleta wale watu wa kampeni kupima chumba. Wamenyoosha kamba juu ya kikaango changu. Mmoja amesema hapa itakaa meza ya vipaza sauti. Nimewauzia chapati, nimewaambia, kuleni kabisa, maana mkihamia hapa hamtaziona tena. Wamekula kwa huzuni. Wiki moja imebaki.

Jumapili, 26 Oktoba

Baada ya ibada nimekwenda Mengo, kwa Nakato. Sikumtumia ujumbe, maandishi yametuponza vya kutosha. Nimemkuta anaanika nguo. Amepiga magoti kunisalimu kama mgeni, na hapo nikajua bado ameudhika, kwa sababu jikoni husalimia kwa kunirushia kitambaa.

Nimemwambia nilimcheka vibaya. Nikamwambia arudi aandike anavyoongea. Akauliza, "Na nikikosea?" Nikamjibu akosee tu, mimi nimeandika bila kosa na nimeua ukurasa.

Akaanika shati. Kisha akaniuliza, "Mama Neema, kwa nini tunaficha? Kosa lenyewe si linachekesha?"

Nimerudi nyumbani kwa miguu mpaka Wandegeya kwa furaha, goti na yote.

Jumatatu, 27 Oktoba

Video imepanda. Hakuna wimbo. Nakato yuko mbele ya sufuria, mimi nyuma nakoroga na kujifanya sisikii. Anasema: "Banange, jamani, sisi tulikosea herufi moja tu, mashine ikatufungia kwa jela. Sisemi neno. Mwenye kujua ni herufi gani aandike hapo chini. Wa kwanza, Mama Neema anampa chapati."

Chini ameandika: "Tulikosea herufi moja." Ameninyooshea simu nisome. Nikamwambia aposti, mikono yangu ina mafuta. Ilikuwa mikavu.

Saa saba simu ikaanza kutetemeka mezani, ikatembea mpaka kwenye bakuli la kachumbari. Wakenya wanawacheka Waganda. Waganda wanajicheka wenyewe kabla hawajachekwa. Mkongo mmoja anasema wote hatujui Kiswahili. Mtu wa Mbarara anaapa kwamba kwao r ndiyo herufi halali na l ililetwa na watu. Mwalimu wa Gulu ametoa somo refu ambalo hakuliomba mtu. Kila mmoja Nakato amemjibu, na makosa yake yote.

Chapati za ushindi zimefika kumi na bado wanadai.

Jumatano, 29 Oktoba

Sina muda wa kuandika. Watu mpaka chini ya kamba za nguo. Shati la jirani limeingia kwenye mchuzi wa mtu.

Sista Grace amekuja mwenyewe na wenzake wanne, na sare zao, wakaagiza bila kunitazama usoni, kisha wakacheka wote kwa pamoja. Wale wanaume watatu wa fulana wamerudi. Nikashika mwiko. Yule mzee akanyoosha mikono juu akasema, "Nnyabo, leo tumekuja kulipa." Wakalipa, wakataka na nyongeza.

Afande Okello amewapanga watu foleni kama polisi wa trafiki.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimempa mwenye nyumba jibu. Tunabaki. Akasema alishajua, amekuja mara mbili wiki hii na hakupata sahani.

Watu wa kampeni wamepata chumba kingine, barabarani, chenye dirisha. Wameagiza pilau ya mkutano wao wa kwanza. Nakato ndiye aliyepokea simu. Akawauliza kwa sauti ya ofisi kabisa kama wanataka pilau ya kura au ya kula. Nimelazimika kutoka nje.

Jumamosi, 1 Novemba

Mvua ya mchana. Sufuria zimeoshwa, zimepinduliwa, zinachuruzika. Saa tisa hakukuwa na kitu. Hata ukoko mtu ameununua.

Tumefunga mlango ndipo tukagundua kwamba sisi wawili hatujala tangu asubuhi. Wapishi wazima. Tumevuka uchochoro kwa muuza roleksi, tukasimama kwenye foleni na wengine tukimtazama akivunja mayai na kuyakunja ndani ya chapati. Amesema wiki nzima anataka kuja kwetu lakini kila akifika tumeishiwa. Nimemwahidi sahani Jumatatu, nitaificha nyuma ya unga.

Tumerudi kuketi kwenye kizingiti chetu. Simu ilikuwa ndani, inatetemeka, hakuna aliyeinuka. Mvua ikapungua. Chapati yake ni nene mno, na chumvi hakuna. Sikumbuki mara ya mwisho nimeshiba hivi.