Mlango wa Zuhura

Jeddah, Jumatano, baada ya isha

Zuhura, mjukuu wangu, umesoma bure. Unatangaza habari za polisi wa huko Amerika kumuua kijana mweusi, halafu unasimama mbele ya mlango wako mwenyewe. Ati ulichoka, ukaona barazani panatosha. Namba ya nyumba ikaonekana nyuma ya kichwa chako.

Video ya gazeti lako tuliitazama hapa Kandara, mtaani kwetu Jeddah, wanawake wenzangu wakakupigia vigelegele. Mimi nilikuwa naangalia ule mlango.

Leo Zuhura kanipigia. Tangu jana kuna gari mbele ya nyumba, ndani mzungu, hashuki.

“Hama hapo,” nikamwambia.

“Bibi, nikikimbia habari hii ataiandika nani?”

“Kwani huko unakokimbilia hakuna kalamu?”

Akacheka. “Wewe mwenyewe hukumwogopa kafili wako.”

Kweli sikumwogopa. Kafili, yule mwajiri aliyeshika pasipoti yangu, nilijua anataka nini: sakafu ing'ae, chai iwe moto. Huyu wa kwenye gari anataka nini, sijui, na hilo ndilo linalonila.

Mara akanong'ona, “Ameshuka. Anaupiga picha mlango.” Simu ikakatika.

Nimempigia tena na tena, hapokei. Nimeshika kalamu, naandika huku nikingoja simu. Baba yake, Hamisi, yuko hapo mkekani anakula. Ananiambia, “Mama, Amerika kuna sheria.”

Sheria ndiyo iliyomuua yule kijana.

Hamisi, weka chini hilo tonge. Mpigie mwenzake wa gazetini, aende akamtoe kwa mlango wa nyuma, sasa hivi.