Jini Asiyepanga Foleni

Jumanne, jioni

Riwaya hii ni upuuzi mtupu. Shujaa akikwama kidogo tu anasugua pete, jini anatokea, anamjengea kasri. Shujaa gani huyo, hajawahi kungoja chochote? Ule mji wa chini ya bahari umeandikwa vizuri, nakubali. Mengine yote ni uvivu wa mwandishi.

Leo nilikuwa nakisoma kitabu hicho kwenye foleni ya sukari, duka la ushirika, hapa Kariakoo. Nilipoinua macho, walionifuata wameshanipita na sukari imekwisha. Wiki ya pili sasa watoto wanakunywa uji bila sukari.

Mke wangu hakugomba. Aliuliza tu, "Kitabu chenyewe kizuri?"

"Kibovu."

"Basi lete, niwashie jiko."

Nikamwambia asubiri, zimebaki kurasa thelathini.